Swali la msomaji: Floridi ya maji yetu ni elementi? Na kuchemsha kunaiondoa?

BARUA

Walimu wa safu hii, shikamooni.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, naishi na bibi yangu na mdogo wangu wa miaka mitano hapa Usa River. Kidato cha kwanza kemia ilikuwa inanipanda vizuri, lakini tangu tuanze atomu, ioni na kampaundi nimekwama. Maana zote nimezikariri. Hata ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia maana ya elementi bila kukosea neno. Swali likigeuzwa kidogo tu, napotea.

Katika jaribio la mwezi uliopita tuliulizwa: "Je, floridi ni elementi? Toa sababu." Nikajibu ndiyo, kwa sababu imo kwenye jedwali la elementi, namba 9. Nikapata sifuri. Mwalimu aliandika tu "rudia ioni". Nimerudia, bado sioni tofauti. Kitabu kinasema florini ni gesi ya sumu. Maji ya huku kwetu kila mtu anajua yana floridi, na tunayanywa. Dawa ya meno nayo ina floridi na tunaambiwa inalinda meno, wakati watoto wa huku meno yanageuka kahawia kwa sababu ya floridi hiyo hiyo. Sasa hicho ni kitu kimoja au ni vitu vitatu?

Nyumbani nako kuna mjadala. Bibi anasema maji yakichemshwa sana sumu inatoka na mvuke, kwa hiyo anaacha sufuria motoni mpaka maji yapungue. Mjomba ameleta chujio la udongo, anasema hilo ndilo suluhisho. Wote wananiuliza mimi kwa sababu nasoma kemia, nami sina jibu. Bibi pia hupika makande kwa magadi, na jirani amemwambia magadi nayo yana floridi. Niliyakamulia ndimu yakatoa mapovu mengi. Je, hiyo ndiyo floridi inatoka?

Halafu tumeanza moli, na sielewi inahusiana vipi na zile miligramu zinazotajwa kwenye vipimo vya maji. Naomba mnieleze taratibu, na mniambie nianzie wapi.

Mwanafunzi, Usa River


JIBU

Marahaba, mwanetu. Maswali yako ni mengi lakini yote yamekwama mahali pamoja: unalijua jina la kitu, hujajiuliza chembe zake ziko katika hali gani na zimeshikamana na nini. Tuanze na florini yenyewe, maana mfano uliotuletea unafundisha zaidi ya mingi ya vitabuni, na uko ndani ya ndoo yenu.

Atomu ya florini ina protoni 9 kwenye kiini. Hiyo 9 ndiyo namba yake katika jedwali na ndiyo inayoifanya iwe florini. Ingekuwa na protoni 10 ingekuwa neoni. Ndani ya kiini kuna nyutroni 10 pia, na nje kuna elektroni 9: mbili katika mzunguko wa ndani, saba katika mzunguko wa nje. Mzunguko wa nje una nafasi ya elektroni nane. Pengo hilo la elektroni moja ndilo linaloeleza tabia yote ya florini. Inanyang'anya elektroni karibu kila kitu inachogusana nacho. Ikikosa pa kunyang'anya, atomu mbili hushirikiana elektroni na kuwa molekuli, F₂, gesi ya njano hafifu na kali mno. Wanakemia kadhaa waliumia, na wengine walikufa, wakijaribu kuitenga, mpaka Henri Moissan alipofaulu nchini Ufaransa mwaka 1886. Hiyo ndiyo florini ya kitabu chako. Haimo kwenye maji ya Usa River wala haiwezi kuwamo, kwa sababu ikikutana na maji humenyuka nayo papo hapo.

Sasa ipe atomu ile elektroni moja inayoitafuta. Protoni zimebaki 9, elektroni zimekuwa 10. Chaji hasi zimezidi kwa moja, na chembe hiyo inaandikwa F⁻. Hiyo ndiyo floridi. Kiini hakijabadilika hata kidogo, lakini pengo limeziba, na kwa hiyo ule ukali wa kunyang'anya umekwisha. Chembe hii inaweza kukaa kwenye maji miaka na miaka bila kumenyuka nayo.

Kwa hiyo jibu lililotakiwa kwenye jaribio ni hili: floridi si elementi, ni ioni (chembe yenye chaji) ya elementi florini, imetokea baada ya atomu ya florini kupokea elektroni moja. Jedwali linaonyesha florini, namba 9. Floridi haina nafasi yake mle. Ongeza na sababu ya pili, ambayo wasahihishaji wengi hufurahi kuiona: huwezi kupata chupa ya floridi peke yake. Ioni hasi lazima iwe na mwenzake chanya. Kwenye dawa ya meno mwenzake mara nyingi ni sodiamu, na kwenye maji yenu pia sodiamu ndiyo nyingi. Atomu ya sodiamu ina elektroni 11, zimepangwa 2, 8, 1. Hiyo moja ya nje inaiachia na kuwa Na⁺. Kalsiamu ina 2, 8, 8, 2, inaachia mbili na kuwa Ca²⁺. Ndiyo maana sodiamu floridi ni NaF lakini kalsiamu floridi ni CaF₂. Ukiandika CaF umeacha chaji moja chanya ikining'inia bila mwenzake, na hapo alama huondoka.

Ulichouliza, kama ni kitu kimoja au vitatu, jibu lake ni viwili. Gesi F₂ ni kitu cha kwanza. Floridi ya kwenye maji na floridi ya kwenye dawa ya meno ni kitu cha pili, kilekile kabisa. Kinachotofautiana ni kiasi kinachoingia tumboni. Tutafika huko.

Kabla ya hapo, kuna mkanganyiko mwingine tunaouona sana kwa wanafunzi, na tuna hakika wewe pia unao: kudhani kila molekuli ni kampaundi na kila kampaundi ina molekuli. F₂ ni molekuli lakini si kampaundi, kwa sababu ina aina moja tu ya atomu. Maji, H₂O, ni molekuli na pia ni kampaundi. NaF ni kampaundi lakini haina molekuli: punje yake ni safu ya ioni za sodiamu na floridi zinazopishana, zinashikana kwa mvutano wa chaji, na alama NaF inatuambia uwiano tu: sodiamu moja kwa floridi moja.

Kutenganisha kampaundi na mchanganyiko, kuna swali moja linalotosha: je, uwiano wa vilivyomo unaweza kubadilika na kitu kikaendelea kuwa kilekile? Gramu 18 za maji zina gramu 2 za haidrojeni na gramu 16 za oksijeni, yawe maji ya Mto Usa au ya theluji ya Kibo. Uwiano haubadiliki, ni kampaundi. Lakini maji ya kisima kimoja yanaweza kuwa na miligramu 1 ya floridi kwa lita, ya kisima kingine yakawa na miligramu 6, na yote tukayaita maji ya kisima. Huo ni mchanganyiko, na kwa kuwa chembe zimesambaa sawasawa kila mahali unaitwa mmumunyo. Ukiona mwenzako anasema maji ya bomba ni kampaundi, mwulize swali hilo la uwiano.

Tuje kwenye sufuria ya Bibi. Hapa tunakuomba uwe na heshima na uangalifu, kwa sababu Bibi ana nusu ya ukweli. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara, na kusiachwe. Kosa liko kwenye kuendelea kuchemsha mpaka maji yapungue.

Maji yanapochemka hakuna kampaundi inayovunjika. Mapovu yale si haidrojeni wala oksijeni. Ni mvuke wa maji, molekuli zilezile za H₂O zilizopata nishati ya kutosha kuachana. Arusha mjini, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hilo hutokea karibu nyuzi 95 za Selsiasi. Moshi, iliyo chini zaidi, karibu nyuzi 97. Sasa linganisha na sodiamu floridi: kuyeyuka tu inahitaji nyuzi 993, na kuchemka karibu nyuzi 1,700. Hakuna jiko la mkaa litakaloitoa sufuriani pamoja na mvuke. Maji yanaondoka, floridi inabaki.

Ipigie hesabu, kisha umwonyeshe. Tuseme maji yana miligramu 6 za floridi kwa lita, na Bibi anaweka lita 10. Floridi yote ndani ya sufuria ni 6 × 10 = miligramu 60. Yakichemka mpaka zibaki lita 8, floridi bado ni miligramu 60. Gawanya kwa 8 unapata miligramu 7.5 kwa lita. Amechemsha kwa nia njema na maji yamezidi ukali. Ushauri wetu: afunike sufuria, maji yakishachemka kwa nguvu dakika moja aepue. Vijidudu vimekufa na maji hayakupungua.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, chukua kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kama gramu 5, uikoroge kwenye mililita 200 za maji safi mpaka isionekane. Mimina kidogo kwenye sahani pana yenye rangi nyeusi, uianike juani. Jioni, au kesho yake kama kuna mawingu, utakuta punje nyeupe zimerudi. Watu hukosea kwa kumimina maji mengi. Weka tabaka jembamba, kama milimita 2, la sivyo vumbi litawahi kabla ya jua. Chumvi haikupotea ilipomumunyuka na haikupaa maji yalipokauka. Floridi hufanya hivyohivyo, isipokuwa ni kidogo mno huwezi kuiona.

Hapo hapo tuondoe imani nyingine iliyoenea ukanda wa Maji ya Chai, jirani na kwenu: kwamba maji yenye rangi ndiyo yenye floridi na meupe ni salama. Ioni ya floridi kwenye maji haina rangi, haina harufu, na kwa viwango hivi haina ladha. Maji yakiwa na rangi, kuna kitu kingine kinachoyapa hiyo rangi. Hata ukahawia wa meno si rangi ya floridi. Floridi ikizidi wakati jino linatengenezwa ndani ya ufizi, tabaka lake la nje hutoka na vinyweleo, na vinyweleo hivyo ndivyo vinavyonasa rangi baadaye.

Chujio la udongo la Mjomba linafanya kazi nzuri, ila kazi nyingine. Matundu ya chujio zuri la aina hiyo ni kama sehemu 0.2 hadi 1 ya maikromita. Bakteria na tope vinakwama. Ioni ya floridi ina upana wa kama nanomita 0.27 (nanomita 1,000 ni maikromita moja), ndogo mara mamia kuliko tundu dogo kabisa mle. Kuizuia kwa chujio hilo ni sawa na kutega moshi kwa chandarua. Kitu kilichomumunyuka hakichujiki kwa matundu. Vidonge vya klorini navyo havisaidii kwa floridi: vinaua vijidudu, basi. Chujio liendelee kutumika, lakini msilitegemee kwa meno ya mdogo wako.

Kinachoiondoa floridi ni mmenyuko. Na huu tungependa uuelewe vizuri, kwa sababu ukiuelewa umejibu na swali la dawa ya meno. Mfupa na jino vimejengwa zaidi kwa kampaundi moja ya kalsiamu na fosfati, Ca₁₀(PO₄)₆(OH)₂. Angalia mwisho wa fomula: kuna OH mbili. Ioni ya haidroksidi, OH⁻, na ioni ya floridi zina chaji ileile, moja hasi, na ukubwa unaokaribiana. Kwa hiyo floridi inaweza kuingia mahali pa haidroksidi:

Ca₁₀(PO₄)₆(OH)₂ + 2F⁻ → Ca₁₀(PO₄)₆F₂ + 2OH⁻

Hesabu pande zote mbili: kalsiamu 10 na 10, fosfati 6 na 6, haidroksidi 2 na 2, floridi 2 na 2, chaji hasi mbili na hasi mbili. Umelingana. Sasa ukipitisha maji ya floridi kwenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe, floridi inabaki kwenye mkaa na maji yanatoka yakiwa nayo kidogo. Kituo cha utafiti wa kuondoa floridi cha Ngurdoto, si mbali na kwenu, kimefanya kazi na njia hii kwa miaka mingi. Na mswaki unapopitisha dawa juu ya jino, mmenyuko huo huo unafanyika kidogo kwenye uso wa jino, na kampaundi mpya inastahimili asidi ya vijidudu vya kinywani kuliko ya zamani.

Usijaribu kuchoma mifupa nyumbani kwa ajili ya maji ya kunywa. Joto linatakiwa liwe kati ya nyuzi 400 na 550 hivi, tena hewa ikiwa imebanwa. Likipungua, mafuta na nyama hubaki na maji yananuka na kupata rangi. Likizidi, mfupa unakuwa mweupe, vinyweleo vyake vinafungana na uwezo wa kushika floridi unashuka sana. Halafu mkaa huo huchoka: nafasi za haidroksidi zikishajaa, floridi inapita moja kwa moja, na jicho haliwezi kugundua. Nunueni chujio la mkaa wa mifupa lililotengenezwa na watu wanaopima, na muulize linabadilishwa baada ya lita ngapi. Muuzaji asiyejua jibu la swali hilo, achaneni naye. Mashine zinazosukuma maji kwa shinikizo kupitia utando zinaondoa floridi pia, ila bei yake si ya kila nyumba.

Kwa nyumba yenu, njia rahisi kuliko zote ni maji ya mvua, ambayo karibu hayana floridi, maana hayajapita kwenye miamba na majivu ya volkeno ya Mlima Meru. Miamba hiyo ndiyo inayoitoa. Na inabaki kwenye maji kwa sababu ya kalsiamu: maji ya ukanda huu mengi yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. NaF inamumunyuka kwa urahisi. CaF₂ haipendi maji, kama miligramu 16 tu kwa lita ndizo humumunyuka, kwa hiyo kalsiamu ingekuwa nyingi ingeishika floridi na kuishusha chini kama mashapo. Hakuna wa kuishika, nayo inatembea na maji mpaka bombani.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni floridi isiyozidi miligramu 1.5 kwa lita. Kama maji yenu ni miligramu 6, lita 1 ya kisima ukiichanganya na lita 3 za mvua unapata miligramu 6 ndani ya lita 4, yaani 1.5 kamili. Lakini ikiwa mvua mliyokinga haitoshi nyumba nzima, msiigawe kwa watu wote. Mpeni mdogo wako kwanza, ya kunywa na ya kupikia uji wake. Meno mengi ya ukubwani hutengenezwa ndani ya ufizi tangu kuzaliwa mpaka karibu miaka 8; yako na ya Bibi yalishakamilika, ya kwake bado. Alama zilizokwisha kutokea hazifutwi na maji mapya, ila meno yanayokuja yanaweza kuokolewa. Mwageni mvua ya kwanza inayoosha paa, tangi lifunikwe, na maji ya kunywa yachemshwe kama kawaida.

Na dawa ya meno? Ilinganishe kwa hesabu. Dawa yenye sehemu 1,450 za floridi kwa milioni ina miligramu 1.45 katika kila gramu moja. Kiasi cha punje ya njegere ni kama robo gramu, kwa hiyo kama miligramu 0.36, na nyingi hutemwa. Mtu anayekunywa lita 2 za maji ya miligramu 6 amemeza miligramu 12. Mdogo wako atumie kiasi hicho cha njegere, ateme, asimeze. Hatuungi mkono kuacha kabisa dawa ya meno kwa hofu ya floridi huku maji yakiendelea kunywewa vilevile.

Magadi. Mapovu uliyoyaona si floridi. Magadi ni chumvi za sodiamu zenye ioni za kabonati na haidrojenikabonati, na ndimu ina asidi. Asidi inatoa H⁺, na:

CO₃²⁻ + 2H⁺ → H₂O + CO₂

Gesi ile ni kabonidayoksaidi. Chukua bilauri tatu, weka nusu kijiko cha chai cha magadi katika ya kwanza, chumvi katika ya pili, sukari katika ya tatu, kamulia kila moja nusu ndimu. Magadi pekee yatatoa mapovu. Kisha tengeneza juisi ya choya isiyo na sukari, ipoe, umimine kidogo kwenye bilauri mbili mpya: moja tia ndimu, nyingine tia magadi. Kwenye ndimu itabaki nyekundu, kwenye magadi itageuka kuelekea kijani au samawati, dalili ya besi, yaani kinyume cha asidi. Bilauri hizo zisinywewe. Na katika majaribio yako yote usichanganye dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini na ndimu wala asidi yoyote, kwa kuwa hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Majaribio haya yanakuambia kuna kabonati na kuna besi. Hayakuambii lolote kuhusu floridi. Jirani lakini amesema kweli: magadi ya asili yanayochotwa kwenye maziwa na mabonde ya huku yanaweza kuwa na floridi, na kiasi hutofautiana mahali na mahali, kwa sababu magadi ni mchanganyiko. Bibi aloweke mahindi na maharage usiku kucha, saa 8 hadi 12, amwage maji hayo, na makande yataiva bila magadi, au kwa kidogo sana. Sufuria ya mtoto iwe bila magadi kabisa.

Imebaki moli. Ni idadi tu, kama dazani ilivyo idadi, ila ni kubwa: 6.022 × 10²³. Ilichaguliwa hivyo ili uzito wa atomu ulioandikwa kwenye jedwali, ukiusoma kwa gramu, uwe na moli moja ya atomu hizo. Florini ni 19, kwa hiyo gramu 19 za ioni za floridi ni moli 1. Elektroni ya ziada haina uzito wa kuhesabika. Chukua ile miligramu 1.5 ya mwongozo. Igeuze kuwa gramu: 0.0015. Gawanya kwa 19: unapata takriban 7.9 × 10⁻⁵ za moli. Zidisha kwa 6.022 × 10²³: kama ioni 4.75 × 10¹⁹ katika lita moja ya maji ambayo bado tunayaita salama. Makosa hutokea mahali pawili. Wengi husahau kugawa kwa 1,000, jibu linakuwa kubwa mara elfu. Wengine hugawa kwa 38 wakikumbuka F₂. Lakini kwenye maji hakuna F₂, kuna F⁻, moja moja. Na kosa la tatu, la milinganyo: haidrojeni na florini zikimenyuka, mwanafunzi huandika H₂ + F₂ → H₂F₂ ili idadi ilingane. Namba ndogo za chini ni utambulisho wa kitu, haziguswi. Unaweka namba mbele: H₂ + F₂ → 2HF.

Uliuliza uanzie wapi. Chukua daftari jipya, na kila siku andika majina matatu ya vitu vya nyumbani: magadi, mvuke, msumari, siki, mkaa, gesi ya kupikia. Mbele ya kila jina andika chembe zake ni zipi, zimeshikamanaje, na kikiwekwa kwenye maji kinakuwaje. Pale utakaposhindwa kuandika ndipo pa kumpelekea mwalimu wako. Maana ulizozikariri zisitupwe. Zitaanza kukaa mahali pake.

Namba 6 tuliyoitumia ni ya mfano. Yenu pimeni. Tafuta chupa ya plastiki ya nusu lita iliyokuwa na maji ya kunywa, si ya kioo, wala isiwe imeoshwa kwa sabuni. Fungulia bomba dakika mbili tatu, isuuze chupa mara tatu kwa maji hayohayo, ijaze mpaka juu, uifunge, uandike mahali, tarehe na saa. Mamlaka ya maji au maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji iliyoko Arusha watakuambia gharama na siku ya majibu. Ukipokea cheti, soma kipimo ni cha nini: kiwe cha F⁻. Kikiwa kimetajwa kama NaF, zidisha kwa 19 ugawe kwa 42 kabla hujalinganisha na 1.5, maana sehemu kubwa ya uzito huo ni sodiamu.